Picha ya Kushikia Nafasi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Baaba, mama mwenye duka la kuchapisha mabango mjini Mankessim, alifungua mlango wa duka lake Jumatatu asubuhi, ufagio mkononi, akapigwa puani na harufu ya poda. Si poda ya mtoto, wala ya mwanamke aliyetoka kuoga. Ilikuwa ile poda nzito wanayopakwa maiti wakishavalishwa na kulazwa kitandani ili watu wapite kuwaaga, na nyuma yake ikifuata ile dawa ya mochwari inayochoma macho. Mtu yeyote wa Mankessim anaijua harufu hiyo, maana hakuna Jumamosi inayopita pale bila watu kuvaa nyeusi na nyekundu za msiba.

Akanusa nguo zake. Akanusa ufagio. Mwisho akapiga magoti chini ya meza, akakuta harufu inatoka kwenye matundu ya boksi la kompyuta, pale feni inapopulizia, na kompyuta yenyewe ilikuwa imezimwa tangu Jumamosi.

"Panya kafia ndani," alisema kwa sauti, ili tu asikie mtu akisema kitu.

Sasa kompyuta ile, tuseme ukweli, ilikuwa imezeeka vibaya. Marehemu mumewe, Kwamena, ndiye aliyeinunua, enzi hizo duka likiwa meza moja na kiti kimoja. Ukiiwasha unaweza ukafagia duka, ukachemsha maji ya uji, ukagombana na jirani na kupatana naye, ndipo inakukaribisha. Ikizidiwa na kazi inanguruma hadi meza inatetemeka. Jojo, mdogo wake Kwamena, ambaye ni fundi wa vitu hivyo, alikuwa hawezi kupita bila kuitukana.

"Shemeji, hiki kitu bado hujakizika tu?" alisema asubuhi hiyo akiegemea kaunta.

"Kazike mama mkwe wako kwanza."

"Sina mke, mama mkwe nitamtoa wapi?"

"Kwa mdomo huo, huyo mke utampata wapi?"

Jojo akacheka, kisha akawa fundi. "Nisikilize. Njia ni mbili. Moja, nakufungia diski mpya na kuiongezea memori. Itakimbia kidogo, lakini ni mzee umemvalisha viatu vipya. Mbili, nakuletea ya mtumba kutoka Accra, zimeshuka nzuri wiki hii, na hii tunaiaga kwa heshima. Sema mwenyewe."

"Nitafikiria."

"Mwaka jana ulifikiria. Mwaka juzi ulifikiria."

Alijua kwa nini anafikiria, basi akaacha kumsukuma. Kwenye kibodi ile herufi zilikuwa zimefutika kwa kidole cha Kwamena. Kuitupa ilikuwa kama kumtoa mumewe nje mara ya pili, na Baaba hakuwa na moyo huo.

Jojo alipoondoka, akafungua faili la mabango ya msiba aanze kazi. Na hapa lazima mjue kazi ile inavyofanywa, maana balaa lote limetokea hapo. Kwamena alitengeneza bango moja, la kwanza kabisa, akalipamba: mpaka mweusi na mwekundu, njiwa wawili juu, fremu ya mviringo katikati. Tangu siku hiyo hakuna aliyehangaika kutengeneza jingine. Akija mfiwa, unafungua faili lile lile, unafuta jina la aliyezikwa wiki iliyopita, unaandika la huyu wa sasa, unasevu juu yake. Maduka yote ya mjini hufanya hivyo. Nani ana muda wa kuanza na ukurasa mtupu huku watu wanalia kwenye kaunta? Hata Kwamena mwenyewe alipofariki, Baaba aliandika jina lake kwenye faili hilo, na wiki iliyofuata akaandika juu yake jina la muuza nyama.

Na kwa kuwa picha ya marehemu huchelewa siku zote, ndugu wakibishana itumike ipi, na fremu ukiiacha tupu maandishi yote yanahama, Baaba alikuwa na ujanja wake. Aliweka picha ya pasipoti ya binti yake, Ewurabena, ishike nafasi. Mtoto wa miaka tisa, kavaa sare ya shule, anacheka na meno mawili ya mbele makubwa. Picha ya marehemu ikija, ya Ewurabena inatolewa. Ulikuwa ujanja mzuri na haukuwahi kumsumbua.

Bango la mwisho lilikuwa la mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kofia. Baaba alilichapisha mwenyewe, akalisevu, akapokea shukrani. Lakini faili lilipofunguka, mwalimu mkuu hakuwemo. Mahali pa jina palikuwa peupe, na kwenye fremu alikuwa Ewurabena.

"Nimesahau kusevu," alijiambia.

Akasogea karibu na skrini. Mtoto alikuwa bado anacheka, ila macho yake yalikuwa mazito, kama ya mtu aliyeamshwa mapema. Baaba akapangusa kioo kwa ncha ya kanga, akapangusa tena, akaendelea na kazi.

Mchana umeme ukakatika. Mtaa mzima ukanyamaza, friji za jirani, redio ya kinyozi, vyote. Baaba alikuwa anajipepea na kipande cha karatasi alipogundua kwamba bado anasikia kitu. Feni ya kompyuta ilikuwa inazunguka. Skrini nyeusi, taa zimezimika, waya umechomekwa kwenye ukuta usio na umeme, na feni inazunguka polepole, inavuta na kuacha, inavuta na kuacha. Aliisikiliza mpaka akajikuta na yeye anapumua kwa kuifuatisha, akainuka ghafla akaenda kusimama juani.

Ewurabena akaja kutoka shule, begi mgongoni. Badala ya kudai chakula kama kawaida yake, akasimama mlangoni akichungulia ndani.

"Mama, yule bibi bado yupo?"

"Bibi gani?"

"Aliyekaa kwenye kiti chako. Asubuhi nilipopita kukuaga alikuwa nyuma yako. Kanipaka poda."

Baaba akamgeuza mtoto kwenye mwanga. Kwenye paji la uso, kuelekea kwenye nywele, palikuwa na alama nyeupe. Akaifuta kwa kidole gumba. Ilinukia vilevile, na ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya baridi, baridi ya kitu kilichotolewa kwenye barafu, jua la saa nane likiwaka.

"Usiingie," alisema. "Nenda nyumbani, Ewura. Nenda tu."

Kufika Jumatano mtoto alikuwa amelala na blanketi mbili, anatetemeka. Hospitali walimtoboa kidole, wakasema hana malaria, wakampa dawa za maumivu. Baaba alirudi dukani kwa sababu mabango ya watu yalikuwa yanasubiriwa, akafungua faili, na mahali palipokuwa peupe palikuwa pameandikwa jina: EWURABENA. Akalifuta. Akasevu. Akafunga, akafungua. EWURABENA. Macho ya picha yalikuwa nusu.

Akampigia Jojo simu. "Njoo ufunge diski mpya. Njoo sasa hivi."

"Heee! Leo umefikiria."

"Jojo, njoo."

Akaja na bisibisi zake, anapiga mluzi, akalitoa boksi chini ya meza, akafungua ubavu wake. Mluzi ukakoma. Ndani kulikuwa kumejaa poda, nyeupe, laini, imeshindiliwa hadi kwenye kona, na katikati yake feni ilikuwa imejitengenezea nafasi ya kuzungukia.

"Vumbi," alisema Jojo.

"Tangu lini vumbi likawa jeupe?"

Jojo alilifuta lote kwa brashi akiwa amegeuza uso pembeni, akahamisha kila kitu kwenda diski mpya, ile ya zamani akaiweka mezani, akaongeza memori, akafunga. Na kompyuta ikawaka, jamani, ikawaka papo hapo, kama siku Kwamena alipoitoa kwenye katoni. Baaba karibu atabasamu. Kisha, bila mtu kugusa kipanya, bango likajifungua lenyewe. EWURABENA. Chini yake: Umri, miaka tisa.

"Shemeji, nani kaandika hivi?" Sauti ya Jojo ilikuwa imeshuka. "Huu si mzaha wa kufanya, mtoto anaumwa."

"Niangalie usoni, Jojo. Huu ni uso wa mtu anayefanya mzaha?"

Akamwangalia, akaona. "Basi si diski," alisema. "Ni boksi lenyewe. Tunaibadilisha yote. Hii haikai hapa."

Alhamisi akaleta ya mtumba kutoka Accra, nyeusi, ndogo, bado ina plastiki. Hawakuhamisha hata faili moja. Hawakuiunganisha na kitu chochote cha zamani, hata waya ulikuwa wake. Wakaiweka kwenye meza nyingine, wakaiwasha wakiwa wameshikana mikono kama watoto, ikaonyesha anga la bluu na mawingu, ikatulia, na Baaba akavuta pumzi, na kabla hajaitoa, mawingu yakaondoka na mpaka mweusi na mwekundu ukaja, na njiwa wawili, na fremu, na mwanawe ndani ya fremu akiwa na macho yaliyobakiza kamstari tu ka weupe chini ya kope, na chini ya jina na umri palikuwa na mstari mpya, unaandikwa herufi moja moja mbele yao, bila haraka, kwa kituo kidogo kila baada ya neno, vilevile Kwamena alivyokuwa akichapa kwa kidole kimoja: Atazikwa Jumamosi.

Jojo akang'oa waya ukutani. Skrini haikuzimika.

Baaba ni Mmethodisti, mama wa kwaya, na wanawake wa kanisani wangemsema mwaka mzima kama wangemwona alikokwenda jioni hiyo. Lakini mtoto akiwa katika hali ile, nani anauliza mlango ni wa dini gani? Alikwenda Zongo, mtaa wa Waislamu, nyumbani kwa Malam Issaka, mwalimu wa Kurani, ambaye watu humwendea kwa mambo wasiyoyataja mchana. Malam alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anakunywa chai yenye sukari ya kutisha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na picha ya mtoto iliingiaje humo?" aliuliza.

Baaba akamweleza habari ya kushika nafasi.

Malam akaweka glasi chini. "Mwanangu," alisema, na uchangamfu wote ulikuwa umemtoka, "kitanda cha maiti kimetandikwa, na wewe kila wiki unamchukua mtoto wako unamlaza, uone kama anaenea. Ukishaona, unamtoa, unamleta maiti. Kila wiki. Ulidhani hakuna anayekuangalia?"

Baaba akalia. Alilia kwa sauti, bila kujifunika, na Malam akamwacha amalize.

"Kila mtu anazaliwa na mwenzake wa kijini," Malam akaendelea taratibu. "Karini. Anakua naye, anakula naye, anafanana naye. Mtu akifa, huyo mwenzake hafi. Anakaa penye jina la mtu wake, anatulia. Sasa huyo aliyekuja kwako, jina la mtu wake ndilo lililowekwa la kwanza kwenye hilo bango. Halafu mkamwandikia mtu juu. Na mwingine juu. Mji mzima mmeupakia juu yake. Huyo hana pa kukaa tena, na ameona kitanda kina mtoto asiye na mwenyewe. Anamngoja alale."

"Nimetoa diski. Nimeleta mashine nyingine kabisa."

"Unabadilisha nyumba, na anayekufuata ni mdai wako. Mrudishie mahali pake. Jina lake na sura yake, kama alivyokuwa siku ile, kwenye ukurasa wake peke yake. Mtoto akifumba macho kwenye hiyo picha, usinirudie, sitakuwa na la kufanya. Ni nani aliyekuwa wa kwanza?"

Baaba hakujua. Siku hizo alikuwa hajaolewa. Alitoka pale mbio, akamkuta Jojo ameketi kando ya mkeka wa Ewurabena akimsugua miguu ipate joto.

"Wa kwanza?" Jojo akakunja uso. "Maame Ekua Tawia. Yule aliyekuwa anakaanga maandazi karibu na stendi. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mtu. Kaka alikuwa anakula kwake bure alipokuwa hana kitu, basi alipokufa akamtengenezea bango, hakutoza mtu. Alisema, huyu naye lazima aonekane kwamba alikuwepo."

"Picha yake iko wapi?"

"Alikuwa na picha moja tu. Tulimzika nayo."

Walitazamana. Mtoto akageuka upande, akasema kitu kwa mtu ambaye hakuwa yeyote kati yao, akacheka kidogo.

"Mabango yake," alisema Baaba. "Mlibandika wapi?"

Jojo akasimama. "Ukuta wa duka la samaki wa barafu. Nilibandika mwenyewe, ukuta ukiwa bado mpya."

Ukuta ule upo karibu na stendi, na kila anayekufa Mankessim hubandikwa pale, juu ya aliyetangulia. Karatasi zilikuwa zimepandana hadi zikawa nene kuliko kitabu cha nyimbo. Walifika Ijumaa kulipokucha, magari ya mochwari yakianza kuingia mjini na ving'ora vyao, mvua ikinyesha nyembamba. Ewurabena walimwacha dukani, kwenye godoro nyuma ya kaunta, kwa sababu Malam alisema asitenganishwe na kile kilichomshika, na Malam mwenyewe alikaa naye, akisoma.

Wakaanza kubandua. Jojo kwa kisu cha bapa, Baaba kwa kucha. Watu walisimama. "Ee, mama, huyo ni mjomba wangu!" mtu alipiga kelele. "Wamerukwa na akili hawa!" Baaba hakugeuka. Mwalimu mkuu wa kofia akatoka, Baaba akamwomba radhi kwa jina. Akatoka mshona nguo, akatoka chifu, akatoka binti aliyekufa na mimba, na kila mmoja alikuwa kazi ya mkono wa Baaba mwenyewe, mpaka ule ule, njiwa wale wale, na kwa mara ya kwanza aliona walivyofanana wote, walivyolazwa kitanda kimoja bila hata kubadilishiwa shuka, na kadiri alivyoendelea kwenda chini ndivyo harufu ya poda ilivyokuwa ikipanda kutoka ndani ya ukuta, mpaka Jojo akawa anakohoa na watu waliokuwa wakipiga kelele wakarudi nyuma mmoja mmoja na kunyamaza.

Akabandua muuza nyama, na chini yake alikuwa Kwamena.

Alikuwa anamwangalia, na lile tabasamu lake la upande mmoja. Mvua ikaanza kumlowesha. Mikono ya Baaba ikakataa.

"Nilikufuta," alimwambia. "Kwamena, nilikufuta baada ya wiki moja tu."

"Shemeji, usisimame." Jojo alikuwa analia pia. "Kaka atatusamehe. Mtoto, shemeji."

Simu ikaita mfukoni mwa Baaba. Malam. "Bado uzi mmoja wa weupe machoni," alisema Malam, na kwa nyuma Baaba alisikia ile feni, inavuta na kuacha. "Kimbieni."

Alimtoa Kwamena mzima, akamtia kifuani ndani ya blauzi, na akaendelea, sasa kwa mikono yote miwili, karatasi zikimkata vidole, mpaka ukuta wenyewe ukaonekana, saruji, na juu ya saruji mwanamke mwenye mashavu mapana, kitambaa kichwani, anaangalia kamera kwa wasiwasi wa mtu ambaye hajawahi kupigwa picha. Unyevu ulikuwa umemla kona moja. Uso ulikuwa mzima.

Dukani mashine zote mbili zilikuwa zinawaka, na printa ya kuskani pia, na umeme haukuwepo.

"Ipi?" aliuliza Jojo, anahema. "Tumia mpya, ni ya haraka."

"Ya zamani," alisema Malam. "Na diski yake ile ile. Alifukiwa humo, afukuliwe humo."

Jojo akairudisha diski kwa vidole vinavyoteleza. Kompyuta ikazimika, ikawaka, na wote watatu wakaanza kuingoja.

Jamani, mmewahi kuingoja kompyuta nzee? Mmewahi kuingoja mtoto wenu akiwa kwenye sakafu, midomo imekuwa ya bluu, na kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, na huwezi kuisukuma, huwezi kuipiga, huwezi kuibembeleza, na kwenye skrini ya ile nyingine uso wa mtoto yule yule una uzi mmoja wa weupe chini ya kope la kushoto, uzi ambao ukipepesa macho unadhani umekwisha, na kiti chako, kiti ambacho hakuna aliyekikalia, kinalia kidogo kama kinavyolia mtu anapojisogeza mbele ili aone vizuri? Baaba alisimama nyuma ya kiti hicho, hakuthubutu kukalia, akanyoosha mikono juu ya bega asiloliona, bega la baridi, akiwa ameishika kibodi ya mumewe, akinong'ona, "Amka baba, amka, nakuomba, leo tu."

Ikaamka.

Hakufungua faili lile. Alifungua ukurasa mtupu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Jojo akaiskani karatasi kutoka ukutani, na mstari wa mwanga ukapita chini ya uso wa yule mama polepole hadi ukamaliza. Baaba akaandika. MAAME EKUA TAWIA. Umri wake. Mahali pa wafiwa Kwamena aliandika "marafiki zake wote wa stendi," na Baaba akaandika vilevile, kisha akaongeza jina lake, na la Jojo, na la Ewurabena. Akausevu kwa jina la mwenyewe, peke yake. Kisha akafungua faili la zamani, akabofya picha ya mwanawe, akaifuta, na kibodi chini ya vidole vyake ikawa ya moto.

Printa ikavuta karatasi. Mama yule akatoka, kichwa kwanza, mashavu, mabega, akalala kwenye trei akiwaangalia. Kiti kikalia mara moja, kama mtu ameinuka. Harufu ya poda ikapita katikati yao, ikaelekea mlangoni, ikaisha.

Kompyuta ya Kwamena ikatoa mlio mmoja mfupi, ikafa. Haikuwaka tena.

"Mama," alisema Ewurabena kutoka sakafuni, amekasirika, "nina njaa. Hakuna hata donge la kenkey?"

Baaba alimkumbatia hadi mtoto akalalamika anaumia.

Basi ile hoja ya kutengeneza au kubadilisha ikawa imejimaliza. Malam aliichukua mashine ya zamani, diski zote mbili, karatasi ya ukutani na ile iliyochapishwa, akaenda kuvifukia kwenye kaburi la Ekua Tawia. Kilichobaki juu ya ardhi kilikuwa faili moja tu, lile jipya la Ekua Tawia, ambalo Jojo alikuwa amelitoa kwenye diski kabla haijafukiwa na kulihamisha kwa flashi kwenda kwenye mashine mpya.

"Hapo ndipo anapokaa sasa," alisema Malam akimwonyesha Baaba faili lile kwa kidole. "Usilifute, usilisogeze, na usimlaze mtu mwingine humo. Nimekwambia mara moja."

Baaba akashika. Kila mfiwa akampa ukurasa wake mtupu, hata foleni ikitoka nje. Mabango yake yakawa mazuri hata watu wakawa wanatoka mji wa Saltpond kumfuata. Picha ya Kwamena ilikaa ukutani, ndani ya kioo. Jambo moja tu hakulifanya: hakumwambia Ewurabena. Mtoto alikuwa haikumbuki ile wiki, na mama gani atamkalisha mtoto wa miaka tisa amweleze kilichokuwa kinamngoja alale? Alisema atamwambia akikua.

Ijumaa moja, mvua zikiwa zimeisha, Baaba alichelewa sokoni. Alikuta Ewurabena amekaa kwenye kiti chake, miguu haifiki chini, amejivuna.

"Mama, alikuja baba mmoja analia, anataka bango la mke wake leo leo. Nikamwambia tulia, baba, nakufanyia. Nimemaliza!"

"Umemaliza vipi?" Kikapu kilikuwa bado mkononi.

"Wewe unahangaika bure na kurasa tupu. Nimechukua lile la yule mama wa mashavu, nikafuta jina, nikaandika la huyu, nikasevu. Rahisi tu. Ila picha hajaleta, amesema ataileta baadaye." Akaigeuza skrini ili mama yake aone, anacheka na yale meno yake mawili. "Nikaweka ya kwako ishike nafasi."

Nyanya zilikuwa zinabingirika sakafuni. Baaba hakukumbuka kuziangusha. Harufu ilikuwa tayari imejaa duka, nzito, tamu, na mtoto akainamia skrini, akakunja uso.

"Lakini Mama, kumbe picha hii uliipiga umefumba macho?"